Mdomo wa Fundi Kimya

Wateja ndio waliompa jina la Kimya, na ukimjua vizuri utacheka ukilisikia. Fundi viatu huyu hubana misumari midogo kwa midomo, vichwa vikitazama nje. Anachomoa mmoja, anaugonga kwenye soli, anachomoa mwingine. Ukimsalimia wakati huo anakuitikia kwa nyusi. Lakini subiri msumari wa mwisho uzame kwenye kisigino. Hapo utasimuliwa habari za mtaa mzima, tangu aliyehama mpaka aliyerudi kwa aibu, na kiatu chako kitangoja.

Sasa, fundi alikuwa na ugonjwa wake mdogo. Mara kwa mara ukingo wa mdomo wa chini ulimwasha, yakatoka malengelenge madogo yaliyosongamana, yakapasuka, yakakauka na kuwa kigaga. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mkewe, ambaye hushona mikanda ya ndara kwa cherehani pale pale kibarazani, alisema ni homa inatoka, na ikitoka ni heri. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alisema ni buibui kampitia usingizini. Siku akiamka na hamu ya utani alibadili.

“Dada, mchunguze mumeo. Mdomo hauungui bure.”

“Nani ambusu huyu?” mkewe alimjibu. “Atoke na msumari kwenye ulimi?”

Mwenyewe aliamini ni misumari. Chuma kina sumu yake, alisema. Basi akawa anaichemsha, anaisugua kwa chumvi, anaipangusa mmoja mmoja, na malengelenge yakazidi kuja yanapotaka, kama mgeni mwenye ufunguo wa nyumba.

Kisha binti yake wa pekee akajifungua, mjukuu wa kwanza. Habari ikafika kwamba mama na mtoto watakuja kupumzika kwa wazazi. Fundi hakuomba mengi. Alitaka mtoto akiingia mlangoni, wa kwanza kumbusu shavu awe yeye. Na kwa kuwa hakutaka kumpelekea mjukuu mdomo wa vidonda, akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: akaacha kubana misumari.

Aliimwaga kwenye kifuniko cha bati. Ili aione vizuri, akahamishia benchi nje ya kibaraza, kwenye jua kali. Mkono wake ukawa unakwenda mdomoni wenyewe, unakuta patupu, unarudi, na nyundo inaangukia kidole gumba. Kazi iliyokuwa ya asubuhi ikamlia siku nzima. Viatu vikarundikana. Jua likampiga, uchovu ukamlaza bila kula, na usingizini akawa anawaza kama atamaliza kazi za watu kabla wageni hawajafika.

Asubuhi ya siku waliyofika, mdomo ukaanza kuwasha. Jioni binti alipoingia na kifurushi chake cha khanga kifuani, malengelenge yalikuwa yameshatoka.

Fundi alinyoosha mikono. Binti akarudi nyuma hatua moja.

“Baba, ngoja kwanza. Hebu nione mdomo.”

“Ni misumari tu hiyo, mwanangu. Na nimeiacha tangu niliposikia mnakuja.”

“Umeiacha, na kidonda kimekuja?”

Fundi akateremsha mikono.

“Mkunga alinieleza,” binti akasema taratibu, akichagua maneno. “Si misumari, si buibui, wala si homa inayotoka. Ni kirusi. Kikishaingia hakitoki, kinalala kwenye mishipa ya fahamu. Ukichoka, ukipigwa na jua, ukiwa na mawazo, kinaamka. Mtu mzima kinamsumbua tu. Mtoto mchanga kinaweza kumuua.”

“Sasa mimi nimekiokota wapi?” Fundi alimtupia jicho shemeji yake. “Na usiseme kitu, wewe.”

“Sijasema,” shemeji akasema.

“Wengi tunakipata utotoni, Baba. Shangazi anabusu, bibi anabusu. Hata mimi ninacho. Nilipoanza shule nilikuwa natokwa hivyo hivyo, mkasema nimelamba gundi.”

“Tukakuchapa?”

“Mkaificha gundi.”

Fundi alikaa kwenye ukingo wa kiti. “Basi mimi ndiye niliyekupa.”

“Labda wewe, labda mama mdogo huyu hapa, aliyenibusu mpaka nikajificha uvunguni. Lilikuwa busu, Baba. Sikudai. Ila huyu bado mdogo mno.”

Fundi akatoka nje. Mkewe akamnong’oneza binti, “Umemkata maini baba yako.” Binti akainama juu ya mtoto, macho yamejaa machozi.

Wakasikia maji yakimwagika uani, kwa muda mrefu. Fundi akarudi mikono ikinuka sabuni, kitambaa safi kimefungwa puani mpaka kidevuni.

“Kushika kunaruhusiwa?”

“Kunaruhusiwa.”

“Haya, lete.”

Tangu hapo kikombe chake kikakaa peke yake, na taulo yake ikapata msumari wake ukutani. Wageni wakaanza kukaguliwa midomo mlangoni. Shemeji naye akaja siku moja na kigaga pembeni mwa mdomo.

“Hii ya kwangu ni homa kweli, shemeji. Inatoka.”

“Imalizie kutoka huko huko nje.”

Lakini akampa kitambaa na sabuni. Wakaketi wawili, nyuso zimefungwa kama majambazi, wakipokezana mtoto, na mkewe alipoingia akasimama mlangoni. “Chukueni mnachotaka,” akasema, “mniachie cherehani.”

Kila asubuhi fundi alimpelekea binti mdomo dirishani. Binti alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga. “Bado, Baba.” Kesho yake, “Bado kidogo.” Kigaga kilipodondoka na ngozi ikawa nzima kabisa, aliangalia kwa muda mrefu kuliko siku zote.

“Haya. Lakini miguuni. Usoni mpaka akue.”

Fundi akafungua kitambaa, akainama, akabusu unyayo. Mtoto akamtupia teke, likampata mdomoni barabara.

“Huyu,” akasema fundi, akiushika mdomo kwa furaha isiyofichika, “atamaliza visigino vya viatu.”