Katuni Iliyoishia Misani

Pale kijijini Ukata ukiuliza nyumba ya Joakim fundi wa sola, utazungushwa hadi miguu iote sugu. Yupo Joakim wa mashine ya kusaga, yupo Joakim wa kwaya, yupo na yule aliyehamia Kingerikiti akarudi na mke mwingine. Lakini uliza nyumba ya Mfutaji, hata mbuzi atakuonyesha kwa pembe. Na usidhani sifa hiyo inaishia huku mlimani. Teremka hadi Mbamba Bay, pale akina mama wanapoanika usipa, dagaa wa ziwani, mchangani, ulitaje jina hilo. Waanglikana watupu, ambao katika sherehe za upadrisho za Ukata hawajawahi kula hata mfupa, watacheka mpaka wasahau kufukuza kunguru. Wanamuziki wangapi wanahonga redio ili wajulikane hivyo? Joakim alijulikana bure, kwa siku moja, na tangu siku hiyo anatafuta pa kuutupia umaarufu wake.

Kosa lenyewe alilifanya katika miaka ya tisini, akiwa kijana wa suruali yenye marinda mbele. Ndiye peke yake aliyeruhusiwa kugusa deki ya video ya parokia. Bruda mmoja Mjerumani, aliporudi kwao kupumzika, alikuwa ameacha jenereta, televisheni, kamera kubwa ya kubebwa begani kama jiwe la kusagia, na boksi la mikanda ya video. Kati ya mikanda hiyo kulikuwa na katuni ya Kijapani inayozungumza Kijerumani. Ukata nzima hakuna aliyeambulia neno, na hakuna aliyelalamika. Kijana amebeba kengele mgongoni. Kengele ya kijiji chao iliibwa na mtawala, yeye anairudisha kwa miguu, askari wako nyuma yake. Mvua inampiga, theluji inampiga, njaa nayo haimsamehi, kengele haitui. Sasa mtu anayepandisha gunia la mahindi kutoka bondeni, katika vilima vya Umatengo, hapo anahitaji mkalimani wa nini? Jina la kizungu la katuni hakuna aliyelijua. Waliiita Mbeba Kengele, wakamaliza.

Ilionyeshwa kila Jumapili baada ya Misa ya pili, sehemu moja tu, kisha jenereta inazimwa. Jumapili moja kijana akafika kwenye daraja la kamba. Ng'ambo kinaonekana kijiji chake. Katikati ya daraja amesimama jemadari na upanga. Kijana akakanyaga ubao wa kwanza, wimbo wa kufungia ukaanza, jenereta ikazimwa. Wiki ile hakuna shamba lililolimwa vizuri. Watu walikuwa wanachimba ngoro, yale mashimo ya kilimo cha mlimani, huku akili iko darajani.

Na katikati ya wiki hiyo hiyo ndipo Shemasi Tobias, mtoto wa hapo hapo, alipopadrishwa. Askofu amefika, ng'ombe wameanguka, kamera iko begani kwa Joakim, na Joakim ndiyo kwanza anagundua kwamba mkanda mtupu hakuna. Mwingine angelia. Yeye alikuwa fundi. Alichukua mkanda wa katuni, akausogeza hadi wimbo wa kufungia ulipokwisha, akajisemea hapa ndipo mwisho, kilichobaki kitakuwa kwenye mkanda mwingine. Hakusogeza mbele hata kidole kimoja kuhakikisha. Bruda hakuwa mjinga, alikuwa amekivunja kile kipande cha plastiki kinachoruhusu kurekodi, ili asitokee mtu wa namna ya Joakim. Joakim akaliziba tundu kwa plasta ya kidonda, akarekodi. Plasta hiyo ndiyo iliyommaliza. Angeweza kusingizia bahati mbaya, lakini tundu halizibwi kwa bahati mbaya.

Jumapili ukumbi ulijaa hadi madirishani. Daraja. Upanga. Ubao wa kwanza. Wimbo ukaisha, kioo kikacheza chenga kidogo, halafu kengele ikalia. Ngoo! Ngoo!

"Amefika!" ukumbi ulilipuka. "Kaifikisha!" Vigelegele, watu wanakumbatiana, mzee mmoja akarusha kofia yake juu na hadi leo haijapatikana.

Kisha picha ikatulia. Lilikuwa kanisa la Ukata. Mama Ottilia mbele ya kwaya na kitambaa cheupe kichwani, na Shemasi Tobias amelala kifudifudi sakafuni huku litania ya watakatifu ikiimbwa juu yake. Watu wakangoja. Litania ni ndefu, inajulikana. Wakangoja hadi Baraka ya Askofu. Darajani hawakurudi.

Tangu hapo Ukata ina vyama viwili ambavyo havimo kwenye uchaguzi wowote: wanaosema alivuka na wanaosema alikufa. Joakim peke yake hakuwa na chama. Kila alipofungua mdomo aliambiwa, "Wewe Mfutaji nyamaza." Na aliyelieneza jina hilo ni Ignatio, aliyemwoa dada yake, mtu wa kupandisha usipa kutoka ziwani na kuuza hadi kwa madereva wa makaa ya mawe kule Ngaka. Kila kisado cha usipa kilisindikizwa na hadithi ya shemeji yake, nyongeza isiyolipiwa.

Basi mwaka huu, kahawa ikiwa bado vichanjani, Joakim akaenda Mbinga mjini kutafuta waya wa sola. Akapita kwa Jacqueline, binti mwenye duka la kuweka filamu kwenye flashi. Kwenye kioo cha kompyuta kuna kijana. Mgongoni ana kengele. Joakim akauangusha waya.

"Simamisha hapo, mwanangu! Hiyo nini?"

"Shikamoo, mzee. Hiyo mpya. Ile ya miaka ya tisini wameitengeneza upya."

"Marahaba. Ile ya tisini ninayo. Nimekosa mwisho tu."

"Mwisho? Mbona rahisi, kwa vile jina lake nalijua, nauliza kwenye simu sasa hivi nakusimulia."

"Usithubutu!" Wateja wakageuka. Joakim akashusha sauti. "Mimi niliwafutia watu kitu cha kuona, mwanangu. Siwezi kuwalipa cha kusimuliwa. Lazima waone."

Jacqueline akatafuta ile ya zamani, akapata vipande vya mwanzo tu. Lakini hii mpya anayo, sehemu nane, na maandishi ya Kiswahili chini. Akamjazia flashi, akamuuliza kama angependa kuonja ile sehemu ya nane, ajue kama inafunguka.

"Nione kabla ya wenzangu?" Joakim alikasirika kabisa. "Unanionaje?"

Akaifunga flashi kwenye leso, akaitia mfuko wa ndani wa koti, na njia nzima ya kurudi Ukata mkono haukutoka kifuani, utafikiri anaumwa moyo.

Jumapili iliyofuata ikatangazwa kanisani kuwa ndiyo siku ya maonyesho. Padre Tobias, ambaye sasa ni paroko wa parokia moja huko ziwani na ana kitambi cha heshima, alipandisha pikipiki yake mapema. Ignatio naye akafika, usipa wake ameuacha bila mwangalizi. Magunia ya kahawa yakafunika madirisha, projekta ikawekwa juu ya meza ya Komunyo ya zamani, Joakim akatokea na koti alilofungia ndoa.

"Koti la nini?" aliuliza mkewe, Scholastica. "Unaioa hiyo kengele?"

"Mama, leo ndiyo siku ya kunivua lile jina."

"Haya. Kifungo kimoja hakifiki lakini."

Mateso yakaanzia sehemu ya kwanza. Kijana alipotokea, ukumbi ukaguna.

"Huyu nani?"

"Si ndiye mwenyewe."

"Mwenyewe alikuwa na kovu na nywele kama kichaka! Huyu kapakwa mafuta, anakwenda kuposa?"

"Na kengele imekuwa ndogo," mwingine alisema. "Ile ya kwanza ilikuwa inampinda mgongo. Hii si hata mwanambuzi anaibeba?"

Joakim akawaomba wawe wavumilivu, vitu vya kisasa huanza polepole. Sehemu ya pili ikaja na mbwa. Katuni ya zamani haikuwa na mbwa. Huyu alikuwa anaongea, na alikuwa haachi. Yule bibi aliyempa kijana kiazi cha kuchoma kwenye theluji, ambaye wanawake wa Ukata walimlilia kuliko walivyolia msiba wa chifu, hakutokea kabisa. Wakamngoja hadi sehemu ya nne.

"Bibi wamempeleka wapi?" Mama Ottilia aliuliza, akiwa mzee sasa, na mkongojo. "Joakim, bibi yuko wapi?"

"Mama, sijui. Sikuitengeneza mimi."

"Mh. Hata siku ile ulisema hivyo hivyo."

Lakini lililowaudhi zaidi ni yale maandishi ya Kiswahili. Padre Tobias alikuwa anayasoma kwa sauti kwa ajili ya wazee. Miaka yote Ukata iliamini kwamba kijana yule, akiota moto usiku na kusema maneno yake ya Kijerumani, anasema mambo mazito. Kuna watu walioachana na pombe kwa sababu ya uso wake alipokuwa anayasema. Sasa Padre anasoma: "'Nina njaa. Mbwa, una njaa? Na mimi nina njaa.'"

"Rudia, Padre."

"Ndivyo ilivyoandikwa. 'Na mimi nina njaa.'"

"Afadhali tulipokuwa hatuelewi," Ignatio alisema. "Alikuwa na akili sana."

Joakim alikuwa anatoka jasho ndani ya koti la ndoa. Kila lawama iliyotupwa ukutani ilirudi ikampiga yeye. Hakuchora mbwa, hakumfukuza bibi, hakumpaka kijana mafuta, lakini flashi ilikuwa yake, na jina lilikuwa lake, na watu walikuwa wanamwangalia yeye kila wanapoguna. Akajikaza kwa wazo moja. Waguna wanavyotaka. Daraja litakuja. Likishavukwa, au huyo kijana akishatupwa mtoni na kengele yake, hata iwe vipi, deni la macho limekwisha.

Na daraja likaja. Sehemu ya nane, kuku nje wanaanza kutafuta pa kulala. Kamba zile zile, mto ule ule chini. Hapo hata wenye kuguna walisogea mbele. Jemadari akatokea katikati na upanga. Mama Ottilia akashika rozari. Padre Tobias, mtu mzima, alikuwa ameinuka nusu kutoka kwenye kiti.

Kijana akakanyaga ubao wa kwanza.

Ukuta ukawa mweusi. Maneno meupe yakatokea, na Padre, kwa mazoea ya tangu mchana, akayasoma: "'Mwisho wa msimu wa kwanza.'"

Halafu Ignatio akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayekula kitu kitamu:

"Shemeji. Umefuta tena."

"Sikugusa!" Joakim aliruka, kifungo cha koti kikaenda zake. "Mungu shahidi, safari hii sikugusa! Padre, si umeona mikono yangu?"

Akampigia Jacqueline hapo hapo, simu ameiweka sauti ya nje ili umma usikie haki ikitendeka. "Mwanangu, mwisho uko wapi?"

"Mwisho upi, mzee? Huo ni msimu wa kwanza. Wa pili wanasema baada ya miaka miwili, kama watu wataipenda."

"Wameipenda!" Joakim alipiga kelele kwenye simu. "Waambie wameipenda!"

"Hatujaipenda!" ukumbi ulijibu kwa pamoja.

Ignatio alikuwa amesimama juu ya benchi. "Jamani tuwe wa haki. Mara ya kwanza aligusa, mara ya pili hakugusa, na tumekwama ubao ule ule. Kwa hiyo mkono wake hauna kosa. Shida ya shemeji yangu ni moja tu, mwisho huwa hauangalii!"

Walicheka mpaka projekta ikatikisika mezani. Padre Tobias akafuta macho. "Joakim, usihuzunike," alisema. "Siku ile nimelala sakafuni, Askofu yuko juu yangu, watakatifu wote wanaitwa, mimi nilikuwa nawaza Jumapili. Nilitaka kujua kama yule kijana atavuka."

Pengine alitaka kumfariji. Alichofanya ni kumkumbusha Mama Ottilia kazi yake. Maana kwa watu wa Ukata, baada ya ubao wa kwanza hufuata kitu kimoja tu. Mama akaegemea mkongojo, akasafisha koo, akaanzisha kwa sauti ile ile iliyomo kwenye mkanda, imekwaruzika kidogo tu:

"Mtakatifu Mikaeli…"

"Utuombee," ukumbi ukaitika, kila mmoja kwa sauti yake, wanawake huku, mabesi kule.

"Mtakatifu Yosefu…"

"Utuombee."

"Mtakatifu Joakim," Ignatio akachomeka, "mzee wa msimu wa kwanza…"

"Utuombee!"

Joakim alichomoa flashi, akaondoka na koti lake lisilofungika. Scholastica alimfuata nyuma amebeba spika, mabega yanamcheka.

Kulipokucha alikuwa kando ya barabara kuu anangoja usafiri wa kwenda mjini, kumrudishia Jacqueline flashi yake na maneno mawili matatu aliyoyaandaa usiku. Lori la makaa ya mawe kutoka Ngaka likapunguza mwendo. Dereva akatoa kichwa, mtu ambaye Joakim hajapata kumwona maishani.

"Shikamoo, Mzee Msimu wa Kwanza!"

Ignatio hakuwa amelala usiku ule. Lile jina la zamani, ambalo Joakim alilitafutia pa kulitupa ujana wake wote, lilikuwa limeondoka kweli, na jina jipya limekwisha kukalia kiti chake.

"Marahaba," alijibu, meno yamefungana.

"Ee baba, tusaidie basi. Huko gereji tumebishana tangu alfajiri. Alivuka, hakuvuka?"

Joakim akafungua mdomo kusema hajui, kama alivyosema miaka yote. Akaangalia lori, akaangalia flashi, akamkumbuka yule mbwa. Hasira ikampanda kutoka kwenye kandambili.

"Alivuka!" alisema. "Alivuka na kengele akaipiga. Tuliisikia kwa masikio yetu, ukumbi mzima, muulize mtu yeyote wa Ukata. Mzee mmoja alirusha na kofia."