App ilimuua maksai wa mama, aliyeitengeneza akaja mwenyewe Kaengesa

Wakuu, heshima kwenu. Hiki kimenikuta mimi mwenyewe, sitii chumvi hata kidogo.

Nakaa Kizwite, hapa Sumbawanga mjini, ila mama analima mahindi na ulezi kijijini Kaengesa. Nguvu yake ni maksai wawili wa kukokota plau. Simba anavuta kulia, Tajiri kushoto. Wanaojua plau watanielewa: maksai aliyezoea kushoto humhamishi. Anasimama tu anakutazama.

Kupe wakazidi. Dawa ya kuogeshea huku tunapimiwa dukani kwenye chupa ya maji, haina lebo. Kipimo nikakiuliza kwenye app ya akili mnemba ya wafugaji, ile ya kulipia. Ikajibu kwa kujiamini kuliko daktari. Haikuuliza hata dawa ina ukali gani.

Tukaanza na Tajiri. Akatetemeka, povu likamtoka, akafa.

Bwana mifugo alipoona screenshot alitikisa kichwa, akasema kipimo kile ni sumu kabisa. Na mvua za kupandia zilishaanza. Mama akashika jembe la mkono, na umri ule! Wakuu, nililia.

Nikalalamika kwenye kampuni. Jibu: ulikubali masharti, ushauri umeufuata kwa hiari yako.

Nilitaka kuachana nao. Dada mmoja msaidizi wa kisheria, tunasali naye, akanikatalia. Akasema anayeuza ushauri wa dawa hawezi kujificha nyuma ya kitufe cha "nakubali". Tukaandika madai kwa adabu, na screenshot tukaambatanisha.

Kilichofuata sikukitarajia. Developer mwenyewe, aliyeitengeneza app, akanipigia, kijana wa Dar. Hakubishana. Alikiri walimwondoa mtaalamu aliyekuwa anahakiki majibu ili app itoke haraka.

"Kaka, kosa ni letu, si la mashine."

Wiki hiyo hiyo akashuka stendi Sumbawanga na kishati chepesi. Baridi ya huku ilimnyoosha! Akampa mama shikamoo, akatoa fidia. Mama akairudisha.

"Hela haivuti plau, mwanangu. Nitafutie wa kushoto."

Basi tukazunguka minada. Kila muuzaji aliapa wake ni wa kushoto. Mama alikuja na Simba, kila anayeuzwa anamfunga naye nira pale pale, na Simba anamkataa. Kijana wa watu viatu vimejaa tope, halalamiki. Mpaka akapatikana mmoja mwekundu, akaingia nirani akatulia, kijana akamlipia. Mama alipiga vigelegele mnadani.

Shamba lililimwa lote. Namshukuru Mungu, namshukuru yule dada, na yule kijana namwombea mema kila siku. Angeweza kuzima simu tu.

Nilichojifunza: masharti ya kwenye app si mwisho wa maneno. Tunzeni ushahidi, daini haki yenu.

Ila wakati wa kuagana mama alimuuliza, "Hicho kitu chako kikiua kwa mwingine, utakwenda?"

Akasema, "Nitakwenda, mama."

"Na siku ukiiuza hiyo kampuni?"

Kijana akampa mama mkono, akapanda gari. Wanasheria wa humu, mjibieni mama yangu: kampuni ikishauzwa, nani anawajibika?