Mkono Uliokataliwa Dukani

Juzi, katika duka la vitambaa hapa Kakamega, aliingia mteja mwenye ndevu ndefu na suruali fupi. Mama muuzaji akamnyooshea mkono, kama tusalimianavyo huku. Mgeni akarudi nyuma, kiganja kifuani.

Mwenye duka, Mwislamu wa Mumias, akaninong'oneza: "Hao wa suruali fupi hata maulidi yetu wanayapinga. Simjui huyu."

Nikasogea mlangoni.

"Nisamehe, mama," mgeni akasema. " Sishikangi mkono wa mwanamke, ni heshima tu. Nipimie kitambaa cheupe cha sanda."

"Sanda ya nani?" Mama akauliza.

"Ya ndugu yangu. Alikuwa polisi kule mpakani. Magaidi wamemuua."

Mama akaweka kiganja kifuani. "Pole sana, baba."

Mimi, ninayewahubiria katika safu hii kila wiki mvumiliane, nilikuwa mguu ndani, mguu nje.