Nguru wa Harusi ya Mama Hodan

Siku ile naikumbuka, mwanangu, hata harufu yake. Ilikuwa Ijumaa, nami nilikuwa kijana mwenye meza moja tu ya samaki ndani ya duka la Mzee Kosta, hapa Stechford, huku ughaibuni. Leo nina maduka matatu, na lile la Sutton Coldfield matajiri hupanga foleni hadi nje. Darasa la saba sikumaliza! Sisemi kwa kujigamba. Haya, najigamba kidogo, jasho ni langu. Lakini msingi aliuweka yule mzee, Mungu amlaze pema.

Mzee Kosta alikuwa Mgiriki aliyezaliwa Tanga, kwenye mashamba ya mkonge, na kwa Kiswahili alinishinda hata mimi mtoto wa Mombasa.

Basi Mama Hodan, Msomali aliyekulia Nairobi, alikuwa ameagiza nguru wabichi wa harusi ya binti yake. Gari la samaki halikuja. Mezani nilikuwa na nguru waliolala, macho yamezama. Nikiikosa oda ile, meza yangu imekwisha. Nikachota maji, nikawamwagia, wakang'aa kama wamevuliwa alfajiri.

Mzee akasimama nyuma yangu. "Hawa maiti unawaosha uwazike, au uwauze?"

"Mzee, kila muuza samaki hufanya hivi."

"Najua. Hata babu zangu wa Athene walifanya. Ndiyo maana soko lao la kale likawekewa wasimamizi, na sheria ya kukataza uongo katika kuuza na kununua. Na wauza samaki, twasimuliwa, wakapigwa marufuku kumwagia samaki maji. Miaka yote hiyo, bwana mdogo, nawe waona umevumbua kitu!"

"Basi hapa leo hakuna msimamizi," nikajibu kwa kiburi.

"Yupo. Huyo anaingia."

Nikageuka. Mama Hodan.

"Kijana, samaki yangu iko wapi?"

Mzee akakunja mikono, hakunisaidia hata kwa kikohozi.

"Mama," nikasema, "wabichi hawakuja. Hawa ni wa juzi. Usiwape wageni."

"Wallahi! Harusi ni kesho, ndiyo unaniambia saa hii?" Akatoka akifoka.

Nilijua nimekwisha. Harusi ikala mbuzi. Lakini wanawake walipouliza nguru wako wapi, Mama Hodan aliwajibu, "Iko kijana hapo Stechford, amekataa kuniuzia samaki yake mwenyewe." Wiki iliyofuata mlango ulijaa mabuibui, kila mmoja akiuliza, "Ni wewe yule?" Chema chajiuza, mwanangu.

Nakuusia basi, wewe unayeanza biashara yako. Njia ya mwongo ni fupi, hata akiipiga deki. Ulijualo wewe kuhusu bidhaa yako, na mteja halijui, hilo ni amana yake mikononi mwako. Mwambie kabla hajafungua mkoba, hasa siku ambayo kusema kutakuuma. Na ukimpata wa kukukemea kisha akakuachia useme kwa kinywa chako, mshukuru angali hai. Mimi shukrani zangu nyingi nazipeleka makaburini.

Mungu akupe mizani iliyo sawa na ulimi usioogopa, na akujaalie wateja watakaowatuma watoto wao dukani kwako bila wasiwasi. Amina.