Kesho Zamu Yake

Mwezi uliopita bodaboda ilinitoa Sumbawanga mjini ikanishusha kwenye shule niliyosomea, na kitu cha kwanza kunipokea kilikuwa kengele. Ni ile ile, rimu la lori lililoning'inizwa kwenye mkaratusi, na mlio wake bado unakwenda kupotelea nyasini huko. Mwalimu mkuu wa sasa, kijana mpole aliyehamia kutoka Mbeya, alinikaribisha ofisini. Ukutani pana ubao mweusi ambao wewe pia unaujua kama ulisoma shule ya msingi ya serikali: wavulana, wasichana, waliopo, wasiokuwepo. Akagonga kwa chaki pale penye wasiokuwepo. "Watoto wa wafugaji hawa," akasema. "Ndio wanaotushusha kwenye kata." Niligeukia dirishani. Nje ukungu ulikuwa bado haujainuka, na mawazo yangu yalikuwa yamekwisha toka dirishani.

Unajua, asubuhi za kwetu watoto husikika kabla hawajaonekana. Bibi aliyenilea alinichomea viazi nivitie mfukoni, vinipashe vidole njiani, halafu nivile mapumziko. Ndani ya ukungu nilisikia vicheko vya Kifipa vya wenzangu, viatu vya binti wa nesi vikigonga mawe, na mbali kabisa njuga za ng'ombe wa Wasukuma. Sauti zote hizo ziliishia kwenye dawati moja. Tulikaa mimi, binti wa nesi mwenye Kiswahili kilichonyooka kama redio, na mtoto wa mfugaji. Hata uji wa shule ulikuwa hivyo: ulezi wetu, maziwa yao, na sukari kidogo kutoka kwa watumishi. Nimekunywa uji mwingi tangu hapo, lakini ule sijaupata tena.

Kiti cha tatu kilikuwa na wenyewe wawili. Walikuwa pacha, wasichana, na walisoma kwa zamu. Leo mkubwa yuko darasani na mdogo yuko machungani, kesho wanabadilishana. Jioni, nyuma ya ng'ombe, aliyesoma alimfundisha mwenzake kwa kuandika vumbini kwa fimbo. Mwalimu wetu wa darasa la saba, mama mkali anayeficha kicheko chake kwenye khanga, aliwagombeza mpaka akachoka. Ikawa akiingia anauliza tu, "Leo nani?"

"Mdogo, mwalimu."

Mitihani nayo waliifanya hivyo hivyo. Aliyeangukia siku ya Hesabu aliongoza Hesabu, aliyeangukia siku ya Kiswahili aliongoza Kiswahili, na siku isiyo yake kila mmoja alipata sifuri. Matokeo yaliposomwa mstarini, pacha wale walikuwa wa kwanza na wa mwisho kwa pamoja, na shule yetu ilibaki mkiani. "Ningewapata wote kwa siku moja," mwalimu alikuwa akisema, kama mtu anayewaza mvua.

Mtihani wa kumaliza la saba ukakaribia. Ulikuwa wa siku mbili, na asiyekuwepo siku moja ndio basi. Kaka zao walikuwa wameshuka bonde la Rukwa na kundi kubwa. Lile dogo lililobaki halikuweza kushinda zizini na kiangazi kile. Baba yao alisema atafanya mmoja, wachague wenyewe. Hawakuchagua. Niliwaona kisimani wakijaza ndoo bila kusemeshana, watu ambao hata kupiga chafya walipiga pamoja, na niliumia, jioni ile viazi vyangu nikaviacha sahanini. Bibi akaniuliza nina nini, nikamwambia.

Sasa, bibi yangu na ng'ombe wale hawakuwa marafiki. Alikuwa mtu wa jembe na wa ntumba, yale matuta ya duara tunayofukia majani yaoze yalishe shamba, na kila mwaka aliwafukuza kutoka humo kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika. Siku ile alijifunga khanga kiunoni akaenda nyumbani kwa mfugaji, nami nyuma yake.

"Baba pacha, nipe ng'ombe wako siku mbili. Watoto wakafanye mtihani."

Mzee alimtazama, kisha akacheka. "Bibi, ng'ombe wangu hawajui Kifipa."

"Fimbo wanaijua. Miaka yote nawafukuza, nitashindwa kuwafuata?"

Basi nikawaona pacha wote wawili darasani, kwa mara ya kwanza, kila mmoja na dawati lake. Kulikuwa kimya, isipokuwa sauti ya bibi iliyokuja na upepo, akigombana na fahali. Jioni ya pili tuliambiwa kilichotokea. Ng'ombe wale, waliposikia sauti yake, walijua njia moja tu, ile ya shambani kwake. Walivuruga ntumba zote. Bibi alisimama akatazama, akasema, "Haya, wamenilimia." Akacheka mpaka akakaa chini.

Walichaguliwa wote wawili, nami pia, na kata nzima ilitaja shule yetu. Siku ya kwanza ya sekondari nilifika mapema nikashika viti vitatu. Akaja mkubwa peke yake, sweta jipya, miguu na vumbi. Nikamuuliza mwenzake yuko wapi.

"Kesho zamu yake," akasema.

Kesho yake alikuja yeye tena, na keshokutwa. Mdogo alikuwa ameteremka bondeni na ng'ombe. Muhula mzima kile kiti kilikaa wazi, na kila jioni mkubwa alinakili masomo mara mbili.

Bibi hayupo sasa. Machunga yamekuwa mashamba ya mahindi, na njuga hazisikiki tena mpaka uende mbali kuzitafuta. Nilipogeuka kutoka dirishani, mwalimu mkuu alikuwa bado ameshika chaki, akingoja niseme lolote.

"Mwalimu," nikamwambia, "pengine leo si zamu yao."