Kinyozi Asiyependa Mteja Akae Bure

Kinyozi wa Kiamunyi hana uvumilivu na mteja anayekaa bure. Ukiketi tu, anakupapasa kisogo kwa vidole vyake virefu, kisha anagonga ukuta wa mabati mara mbili. Hapo washirika wake huingia: fundi viatu anakuvua viatu, mama wa cherehani anaondoka na suruali yako. "Dakika ishirini, boss, utatoka mtu mpya," kinyozi husema kwa sauti ya upole ya daktari wa meno.

Jumamosi moja alikuja Kimeli, harusi yake ikiwa saa nne. Nusu ya kichwa ilikuwa imenyolewa stima zilipopotea. Mashine ya kunyolea ikanyamaza, na cherehani ya umeme pia. Suruali ilikuwa imefumuliwa, viatu havina soli, na nje magari ya harusi yalikuwa yakipiga honi. Kinyozi akamalizia kichwa kwa wembe, kisha akavua suruali na viatu vyake mwenyewe, akamvika bwana harusi.

"Inabana?"

"Sana."

"Basi mchungaji akisema mpige magoti," alinong'ona akijifunga shuka kiunoni, "mwambie goti lako ni bovu."