Siku Nilipowamwagia Samaki wa Hoteli Chokaa ya Minazi

Chekeni tu, nimeshazoea, maana mpaka leo nikipita karibu na ile hoteli ya ufukweni, Bagamoyo, navuta kanga usoni kama mwizi wa kuku.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, mume wangu yuko Mtwara kikazi (kazi gani hiyo inayomzuia mtu hata kutuma salamu?), nami nimeachwa Kaole kwa mama mkwe na mwanangu Zuhura, hata jino hajaota, katika nyumba ambayo shikamoo huitikiwa marahaba, kisha kimya mpaka kesho yake. Basi hoteli ilipotafuta mtu aliyesoma kemia wa kutunza tangi lao la kioo, la maji ya bahari, lenye samaki na matumbawe hai, nilikimbilia, kwa sababu ukithibitishwa kazini unapewa chumba kwenye kota za wafanyakazi. Chumba chenye mlango wangu, nifunge mwenyewe. Sikutaka kingine.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Matumbawe hujijenga kwa chokaa, nayo ikipungua majini, maji huelekea kuchacha na matumbawe yakadumaa. Kwa hiyo kila alfajiri nachovya karatasi ya kupimia uchachu, natazama rangi, kisha nadondosha maji ya chokaa, yale maangavu ya juu yaliyokwisha kutulia, tone baada ya tone. Nadondosha huku nawasimulia samaki mambo yangu (ningemsimulia nani mwingine?).

Siku moja tukatangaziwa ugeni kutoka mkoani. Alfajiri, kabla sijagusa tangi, meneja, Bwana Sefu, akanikabidhi brashi na debe.

"Mama Zuhura, tusaidie kupaka chokaa minazi na mawe ya njiani."

"Mimi niliajiriwa kutunza tangi."

"Kwani tangi litakimbia?"

Wapokezi wakacheka, nao wamekaa! Nikapaka, mtoto mgongoni, jua utosini, roho inachemka, na nilipolirudia tangi nikachovya karatasi, rangi ikaonyesha maji yameshaanza kuchacha, na ngoma ya mapokezi inalia getini. Nikajiambia, chokaa si chokaa tu? Nikachota kopo zima kwenye debe la minazi, nikamimina lote (wala sikukumbuka kwamba mafundi wetu huitia nili, ile buluu ya kufulia, ili weupe ung'ae). Bahari yangu ikageuka uji, tena uji wa bluubluu.

Mgeni rasmi akaingia na msafara wake, akainama kwenye kioo.

"Samaki wako wapi, ndugu?"

"Wamelala, ndugu mgeni rasmi," nikajibu.

Mmoja akaibuka, tumbo juu. Mama mmoja wa kikundi cha ngoma akapaza sauti, "Huyo kalala chali, mwamsheni anywe chai!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Ningenyamaza hapo, aibu ingekuwa ndogo. Lakini kemia ikanipanda kichwani, kwamba chokaa ikizidi dawa yake ni uchachu, nikanyakua jagi la sharubati ya ndimu ya wageni nikalimimina tangini, na sukari yake, na barafu yake, na samaki mmoja aliyekuwa bado na nguvu akaruka nje akatua juu ya kiatu cha mgeni rasmi, akapigapiga mkia pale. Zuhura akalia kwa sauti ya king'ora.

"Mama Zuhura, toka," akasema meneja, taratibu.

"Unanipa brashi ya minazi alfajiri, ulitegemea nini?" nikamfokea, mbele ya mkoa mzima. Nilipofunga mdomo nilijua chumba kimekwenda.

Wakahamia bustanini, ngoma ikaanza upya, nami nikabaki na tangi, nikiwaopoa samaki mmoja mmoja. Hakuna aliyekuja, hata wa kunilaumu. Nilikuwa nimewapa majina wale samaki. Sikumwambia mtu majina hayo, na hapa siyasemi.

Habari ilifika Kaole kabla yangu, nililijua hilo kwa jinsi majirani walivyonitazama. Mama mkwe alikuwa barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Basi. Nilisimama pale nikimngoja anitukane, nilitamani anitukane, angalau tungekuwa tumezungumza.

Siku hizi nikipandwa na hasira naweka chini kila kilichomo mkononi, kopo, mwiko, hata mtoto, ndipo nifoke, mikono mitupu. Na chumba bado sina.